Mfuko mmoja, bili za kugawana au mfuko wa katikati: ulinganisho kwa wanandoa walio kwenye ovadrafti

Nyumba yetu ya Section 58 hapa Nakuru ilikuwa na ovadrafti mbili za simu, yaani madeni ya kutumia zaidi ya salio lililopo, na kila mmoja wetu alijua moja tu. Mimi nilikuwa na deni la shilingi 2,800 kwenye laini yangu, mume wangu alikuwa na deni la kiasi hicho hicho kwenye laini yake, na kila pesa zilipoingia, ziwe za mshahara au za viazi, simu ilikata haki yake kabla mwenye simu hajaisoma arafa. Juu ya hayo, akaunti yangu ya mshahara ilikuwa imezidishwa kwa shilingi 24,400. Tulidhani shida yetu ilikuwa kipato kidogo. Siku tulipoketi mezani na taarifa za miezi mitatu za simu zote mbili, ndipo tulipoona kwamba kipato kilitosha, ila namna tulivyogawana malipo ndiyo iliyotusukuma kwenye deni kila mwezi, mimi kuanzia tarehe 18 na yeye kuanzia tarehe mosi.

Ninalinganisha hapa njia ambazo wanandoa wengi ninaowafahamu hutumia kuendesha pesa za nyumba, nikizipima kwa swali moja: je, njia hii huonyesha deni mapema, au hulificha mpaka likomae? Msomaji azingatie kwamba mimi hulipwa mshahara wa mwezi, ilhali mume wangu hununua viazi Molo na Mau Narok na kuviuza katika soko la Wakulima hapa mjini, kwa hiyo pesa zake huja kila siku lakini hupanda na kushuka kwa msimu. Wanandoa ambao wote wawili wana mshahara watakuwa na kazi rahisi kuliko yetu.

Deni lenyewe linagharimu kiasi gani

Kabla ya kuchagua mpango wa nyumba ni lazima mjue mnacholipia. Fuliza, yaani ovadrafti ya M-Pesa ambayo Safaricom iliianzisha Januari 2019 pamoja na benki za CBA (sasa NCBA) na KCB, ina ada za aina mbili: asilimia 1 ya kiasi unachochukua, kisha ada ya kila siku inayotegemea ngazi ya deni. Kwa viwango vilivyopunguzwa Oktoba 2022, deni la kati ya shilingi 2,501 na 70,000 hutozwa shilingi 25 kwa siku, ilhali deni la kati ya shilingi 501 na 1,000 hutozwa shilingi 6, tena baada ya siku tatu za kwanza ambazo hazina ada hiyo.

Ngazi hizo zisomwe polepole, kwa sababu ndimo ilimo siri ya jambo zima. Anayedaiwa shilingi 3,000 na anayedaiwa shilingi 30,000 hulipa ada ileile ya siku. Kwa siku 30, wa kwanza atalipa shilingi 30 za kuanzia na shilingi 750 za siku, jumla shilingi 780, ambayo ni zaidi ya robo ya deni lenyewe. Wa pili atalipa shilingi 1,050 kwa deni lililo kubwa mara kumi. Ovadrafti ya simu, basi, humwumiza zaidi mwenye deni dogo lisiloisha, na hilo ndilo deni walilo nalo watu wengi.

Sasa weka hesabu hiyo ndani ya ndoa. Mke ana deni la shilingi 2,800 kwenye laini yake, mume ana shilingi 2,800 kwenye yake, na hawaambiani. Nyumba hiyo inalipa shilingi 50 kila siku. Kama deni lote la shilingi 5,600 lingekuwa kwenye laini moja, nyumba ingelipa shilingi 25. Yaani shilingi 25 za kila siku, takribani shilingi 750 kwa mwezi, ni bei ya kutoambiana, na sisi tuliilipa kwa muda ambao sipendi kuuhesabu. Hata ukilazimika kuchukua upande mmoja ili uufunge upande wa pili, ambako utalipa asilimia 1 na gharama ya kutuma ya shilingi 53, jumla shilingi 80 na ushei, utakuwa umezirudisha pesa hizo kufikia siku ya nne.

Kwa upande wa pili ziko njia nyingine za kukopa, nazo hazilingani hata kidogo. M-Shwari, mkopo wa simu, hutoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, kwa hiyo shilingi 3,000 zitagharimu shilingi 225 kabla ya ushuru. Chama changu cha wanawake hukopesha kwa asilimia 10 kwa mwezi, yaani shilingi 300, na nataja hilo kwa sababu tumezoea kuamini kwamba pesa za chama ni za bei nafuu kwa kuwa tunafahamiana. Mfuko wa Hustler, mkopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 30, 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka, na kwa siku zake 14 riba ya shilingi 3,000 haifiki hata shilingi 10; kasoro yake ni kwamba muda ni mfupi, asilimia 5 ya mkopo huwekwa akiba badala ya kufika mkononi, na wengi huanzia kiwango cha shilingi 500, ambacho hakilipi deni la mtu. Sacco nyingi za waajiriwa, yaani vyama vya akiba na mikopo, hutoza takribani asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani kwa deni lililobaki tu: shilingi 30 kwa zile zile 3,000.

Ovadrafti ya benki iko katikati. Riba yake huhesabiwa kila siku kwa kiasi ulichozidisha tu, na tukichukua mfano wa asilimia 18 kwa mwaka, shilingi 24,400 zitazaa takribani shilingi 366 kwa mwezi. Riba hiyo haitishi. Kinachotisha ni kwamba haina awamu wala tarehe ya mwisho: mshahara huingia, hufunika shimo, ukatoa pesa za matumizi, shimo likarudi palepale. Nilikaa nayo nikiihesabu kana kwamba ni sehemu ya mshahara wangu.

Kila mtu na bili zake

Huu ndio mpango tulioanza nao, na nadhani ndio ulioenea kuliko yote mjini. Mume alichukua kodi ya nyumba na karo, mimi nikachukua chakula, gesi, stima, dawa na nauli ya mtoto. Kwenye karatasi mgawanyo ulikuwa wa haki, kwa kuwa jumla zilikaribiana. Faida zake ni za kweli: hakuna kuombana ruhusa, hakuna akaunti ya kufungua, na kila mtu anabaki bwana wa simu yake.

Ubaya wake ni kwamba bili hazikui kwa mwendo mmoja. Kodi ya nyumba ikishawekwa hukaa hivyo mwaka mzima, lakini unga, mafuta ya kupikia na gesi hubadilika bei bila kumwuliza mtu, na mgonjwa naye haji kwa ratiba. Aliyechukua vitu vya bei ya kutulia hataona lolote. Aliyechukua vitu vinavyopanda atazama kidogo kidogo, na kwa kuwa aliahidi kuvibeba, atakopa kabla ya kusema. Mimi sikuwahi kumwambia mume wangu kwamba chakula kimenishinda. Nilibonyeza tu “ndiyo” kwenye simu pale dukani.

Yeye naye alikuwa na shimo lake, la sababu tofauti. Kodi hutakiwa kufikia tarehe 5, na karo huja kwa mkupuo mara tatu kwa mwaka. Kila mara hizo, pesa aliyotakiwa kwenda nayo Mau Narok ilibaki kwa mwenye nyumba au shuleni. Siku ile ya taarifa za simu alinyoosha kidole kwenye mstari mmoja akauliza, “Mama Neema, hii ya tarehe 19 ni ya nini?” Nikamjibu kwamba ni mtungi wa gesi, kisha nikamwuliza kuhusu yake ya tarehe mbili. “Ni ya gari la viazi,” alisema, na sote tukanyamaza, kwa sababu hapakuwa na anasa hata moja ya kulaumiana. Kwenye kurasa zote zile, kitu pekee kilichokaribia upuuzi kilikuwa nyama choma ya shilingi 900 ambayo tulikula pamoja.

Mpango huu una kasoro nyingine ambayo watu huikumbuka mambo yakishaharibika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hugawa mali kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, nayo inatambua mchango usio wa pesa kama kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kusimamia biashara ya familia. Lakini Mahakama ya Juu ilieleza Januari 2023 kwamba nusu kwa nusu si haki ya moja kwa moja, na kila upande unatakiwa kuthibitisha mchango wake. Aliyelipia ploti kule Lanet ana karatasi. Aliyenunua unga kwa miaka kumi ana nini? Sisemi wanandoa waishi wakijiandaa kwa kesi, ila nasema mpango unaomweka mmoja kwenye vitu vinavyobaki na mwenzake kwenye vitu vinavyoliwa si wa sawa, hata kama shilingi zinalingana.

Nitauweka mpango huu nafasi ya mwisho kwa wanandoa wenye deni. Kwa wasio na deni, na ambao mishahara yao inabakiza, haudhuru sana.

Pesa ya matumizi

Hapa mmoja, mara nyingi mume, hushika pesa zote na kumpa mwenzake kiasi fulani kila siku au kila juma. Sitakaa hapa. Anayetoa haoni bei ya vitu, anayepokea haoni pesa zilizopo, na upungufu unapotokea, ovadrafti ya simu inakuwa mahali pekee pa kukimbilia bila kuombaomba. Unaweza kufaa pale tu ambapo mpokeaji ndiye hasa msimamizi wa bajeti na mtoaji amekubali kuongozwa, jambo ambalo nimeliona katika nyumba moja tu.

Mfuko mmoja

Kila senti huingia mahali pamoja na kila gharama hutoka hapo. Kwa kuzima deni sijaona kinachoushinda, na sisi tuliutumia kwa miezi sita. Kwanza tulikubaliana kwamba deni lolote lililonunua kitu cha nyumba ni la nyumba, bila kujali limekaa kwenye simu ya nani. Hilo si huruma tu: kifungu cha 10 cha sheria niliyoitaja kinasema deni lililoingiwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa hubebwa na wawili kwa usawa. Kisha nikachukua mkopo wa shilingi 30,000 kwenye Sacco yangu, wa miezi kumi na miwili, tukafunga laini zote mbili na shimo la benki siku moja. Kwa riba ya asilimia 1 kwa salio linalopungua na shilingi 2,500 za mkopo wenyewe kila mwezi, riba yote ya mwaka ni shilingi 1,950. Laini mbili zenye shilingi 25 kila moja zingetula shilingi 18,250 kwa mwaka, na deni lingekuwa halijapungua hata ndururu.

Mkopo wa Sacco una masharti yake, nao unahitaji kulinganishwa kwa uaminifu. Nyingi hukupa hadi mara tatu ya akiba yako, hutaka wadhamini, na hazimpokei mtu leo na kumkopesha kesho. Makato hupita kwenye mshahara, na Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kuvuka theluthi mbili za mshahara, kwa hiyo aliyekwisha kukopa kotekote atakuta mlango umefungwa. Huyo ninamshauri aanze kwa ngazi: aondoe kwanza deni la laini moja, kisha alisukume la pili lishuke chini ya shilingi 1,000, kwa kuwa hapo ada ya siku huanguka kutoka 25 hadi 6. Kulipa shilingi 300 kwenye deni la 3,000 hupunguza deni hilo, lakini ada ya siku inabaki ileile. Ni afadhali kukusanya pesa za viazi za siku nne ukazipeleka kwa pamoja.

Jambo ambalo hatukulifikiria ni sahihi. Akaunti ya pamoja benki hufunguliwa kwa moja ya masharti mawili: wote wawili watie sahihi, au yeyote mmoja. Tulichagua wote wawili, kwa sababu tulikuwa tumetoka kwenye siri. Juma la kwanza tu mume wangu alikuwa Mau Narok saa kumi na moja alfajiri, magunia yamepimwa, mkulima anataka pesa kwenye simu, na mimi nimelala Nakuru na sahihi yangu. Tukabadilisha iwe yeyote mmoja. Laini ya simu nayo, ifahamike, husajiliwa kwa jina la mtu mmoja, kwa hiyo wanaosema wana M-Pesa ya pamoja wana M-Pesa ya mmoja ambayo mwingine anajua namba yake ya siri. Mwenye jina akifariki au akikasirika, mwenzake hana lake.

Kasoro kubwa zaidi ilijitokeza Mei. Karo ilipofika, mfuko ulikuwa na pesa, tukalipa tukafurahi, na siku mbili baadaye tukagundua kwamba shilingi 12,000 kati ya hizo zilikuwa za kununulia viazi. Alipakia nusu ya mzigo wa kawaida, na gari hutoza nauli karibu ile ile likiwa limejaa au nusu. Mfuko mmoja haujui tofauti kati ya pesa ya kula na pesa ya kupandia. Kwa wenye mishahara miwili kasoro hii haipo, na wao wakae nao hata baada ya deni kuisha, mradi kila mmoja abaki na kiasi kidogo asichoulizwa. Kwa mwenye biashara, mtaji ukae nje ya mfuko tangu siku ya kwanza.

Mfuko wa katikati

Kila mmoja hubaki na akaunti yake, lakini wote huchangia akaunti ya tatu inayolipa gharama zote za nyumba, kwa uwiano wa kipato. Mimi hubaki na shilingi 42,000 baada ya makato ya kawaida. Yeye, tukichukua wastani wa miezi mitatu baada ya kutoa mtaji, hupata shilingi 28,000. Jumla ni 70,000, kwa hiyo uwiano ni 60 kwa 40. Nyumba yetu, pamoja na karo iliyogawanywa kwa miezi na awamu ya Sacco, inahitaji shilingi 45,000. Mimi hutoa 27,000 siku ya mshahara. Yeye hutoa 18,000, lakini kwa shilingi 4,500 kila Jumamosi jioni, baada ya soko.

Hilo la Jumamosi ndilo lililoziba shimo la tarehe 18. Mshahara wangu hulipa vya mwezi: kodi, awamu ya mkopo, fungu la karo. Pesa zake za juma hulipa vya juma: chakula, tokeni za stima, nauli. Zamani tulikuwa tumefanya kinyume kabisa, yeye wa pesa za kila siku akibeba kodi, mimi wa pesa za mwezi nikibeba mboga za kila jioni, halafu tukashangaa kwa nini mmoja hukwama mwanzoni mwa mwezi na mwingine katikati. Kama kuna jambo moja ambalo ningelibadilisha katika nyumba yoyote kabla ya kugusa kitu kingine, ni hilo: tarehe za pesa zifuatane na tarehe za bili.

Gharama za mpango huu zipo. Akaunti ni tatu badala ya moja, kutuma pesa kila juma kuna ada, na mtu anayetaka kuficha bado anaweza, kwa sababu akaunti yake binafsi haionekani. Ndiyo maana sikuuweka kuwa wa kuanzia kwa walio kwenye deni. Unahitaji mazoea ya kuonyeshana ambayo miezi sita ya mfuko mmoja hujenga. Sisi huonyeshana taarifa za simu Jumapili ya kwanza ya mwezi, na laini zote mbili tulijiondoa Fuliza kupitia *234#, hatua isiyokubalika mpaka deni liwe limelipwa lote. Mume wangu alisita kujiondoa, akisema barabarani mambo hutokea, na hakukosea. Tuliweka shilingi 5,000 pembeni kwa ajili ya gari kuharibika, na zimetumika mara mbili.

Kwa wanandoa ambao wote ni wafanyabiashara, asilimia za mwezi hazitawafaa, kwa kuwa hakuna mwezi unaofanana na mwingine. Wao wachangie sehemu ya mauzo ya kila siku, hata kama ni kidogo, na kodi waitenge tangu tarehe 6 badala ya kuisubiri tarehe 5. Kwa mmoja asiye na kipato kabisa, mfuko mmoja ndio wa haki, na jina lake liwe kwenye akaunti.

Sisi hupitia mgao wetu mara mbili kwa mwaka, Januari karo inapolipwa na tena bei ya viazi inapoporomoka sokoni. Mara ya mwisho ulihama kutoka 60 kwa 40 hadi 65 kwa 35, na yeye ndiye aliyefungua daftari na kuomba.